Safari ya Mkebe wa Sardini

Katika kila duka dogo la Katindo, kando ya sabuni, kiberiti na mishumaa, utaona mikebe myembamba imepangwa kama matofali. Ndiyo mikebe ya sardini. Haikai katika barafu, wala mwenye duka hana kazi ya kufukuza inzi juu yake. Yaweza kukaa hapo tangu Noeli hata Pasaka, na tangu Pasaka hata Noeli nyingine, na samaki walio ndani hawaozi.

Sasa shuka mpaka ziwani. Alfajiri wavuvi hurudi na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Taa zao zimezimwa, na sambaza wanang'aa kama fedha ndani ya beseni. Mama anayewanunua hana budi kuwakaanga au kuwaanika siku ile ile. Akichelewa, majirani watajua kwa pua zao.

Hapo pana jambo la kuuliza. Sambaza ametoka karibu, mwendo mfupi tu kwa miguu, naye jioni ameharibika. Sardini amevuka bahari, amekaa katika joto la Mombasa, amepanda lori siku nyingi, naye angali mzuri. Kwa nini?

Wengine hujibu, "Wametia dawa." Nimesikia maneno hayo mara nyingi, hata kwa watu wazima. Lakini geuza mkebe, usome kilichoandikwa: samaki, mafuta, chumvi, pengine nyanya au pilipili. Hakuna dawa. Siri ni moto na kifuniko.

Ukiendelea kusoma, mara nyingi utakuta neno hili: Maroc. Maroko ni nchi ya Afrika kama yetu, lakini iko mbali sana, kaskazini-magharibi, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki. Maji ya pwani ile ni baridi, na samaki wadogo hukusanyika humo makundi kwa makundi. Miji ya Safi na Agadir inajulikana sana kwa viwanda vya samaki, na hakuna nchi nyingine duniani inayouza ng'ambo sardini wengi wa mikebe kuliko Maroko.

Ndani ya kiwanda wanawake wengi husimama mezani. Hukata vichwa vya samaki na kuondoa matumbo, upesi upesi, maana samaki hangoji. Kisha huwaosha, huwatia chumvi, huwapanga ndani ya mikebe kichwa kwa mkia, ingawa vichwa vyenyewe havipo tena. Samaki hupitishwa katika mvuke, maji yao humwagwa, mafuta hutiwa. Halafu mashine hukunja ukingo wa kifuniko pamoja na ukingo wa mkebe, mara mbili, kama mama anavyokunja pindo la nguo ili uzi usifumuke. Sasa hewa haiingii wala haitoki.

Tazameni mpango wa kazi hii. Sisi nyumbani hupika kwanza, ndipo hufunika. Wao hufunga kwanza, ndipo hupika. Mkebe ukiisha kufungwa, hutiwa motoni pamoja na samaki wake. Vijidudu vilivyokuwa ndani hufa, na vilivyo nje havina mlango wa kuingia. Chakula huharibika kwa sababu ya vijidudu, viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo hula chakula chetu kabla yetu. Kama vimekufa vyote, nani atakiozesha?

Lakini moto wa nyumbani hautoshi. Maji yakichemka, joto lake halipandi tena, hata ukiongeza kuni. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Hapa Goma tuko juu ya bahari karibu meta 1,500, kwa hiyo maji yetu huchemka kwa digrii 95 hivi, na hiyo ni sababu moja ya maharagwe yetu kukawia kuiva. Tena kuna kijidudu kimoja kigumu kuliko vingine. Jina lake la Kilatini ni Clostridium botulinum. Neno botulus maana yake ni soseji, kwa kuwa zamani huko Ujerumani watu walikufa kwa kula soseji zilizoharibika. Kijidudu hiki kikiona taabu hujifungia ndani ya ganda, na katika ganda lile chaweza kuchemshwa saa nyingi kwa digrii 100 kisife. Kibaya zaidi, chapenda mahali pasipo hewa, yaani mahali kama ndani ya mkebe uliofungwa. Kikikua humo, hutoa sumu kali kupita sumu ya nyoka.

Kwa sababu hiyo mikebe hutiwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma kilichokazwa sawasawa ili mvuke usitoke. Mvuke ukizuiwa, joto hupanda kupita 100, hata kufika digrii 115 au 120. Katika digrii 121 hata ganda lile gumu huharibika kwa dakika chache. Mikebe ikiisha kutolewa na kupoa, yaweza kwenda popote.

Mtu wa kwanza aliyeonyesha njia hii vizuri alikuwa mpishi wa vitamu, Mfaransa, jina lake Nicolas Appert. Siku zile njia bora ya kutunza chakula ilihitajiwa sana, kwa kuwa askari na mabaharia walikuwa wakiugua kwa kula nyama ya chumvi na biskuti ngumu. Appert alijaribu miaka mingi. Alitia vyakula ndani ya chupa, akaziziba kwa vizibo, akazichemsha. Mwaka 1810 alipewa faranga 12,000. Mwaka ule ule Mwingereza Peter Durand aliandikisha wazo la kutumia mkebe wa bati mahali pa chupa. Nao walifanya hayo bila kujua vijidudu ni nini! Mpaka miaka ya 1860 ndipo Louis Pasteur alipoeleza sababu. Mikono ilitangulia, akili ikafuata. Jambo la kuchekesha ni kwamba mikebe ya kwanza ilifunguliwa kwa patasi na nyundo. Chombo cha kuifungulia kilikuja baada ya miaka zaidi ya 40.

Msidhani lakini kwamba kabla ya Appert hakuna aliyesafirisha chakula baharini. Watu wa pwani ya mashariki, wa Lamu, Mombasa na Unguja, waliijua kazi hii tangu zamani. Upepo wa kaskazi ulipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Ghuba yakileta tende zilizoshindiliwa ndani ya makanda, na papa waliotiwa chumvi wakakaushwa. Upepo wa kusi uliyarudisha kwao. Tende haikuharibika kwa kuwa ina sukari nyingi na maji machache. Papa hakuoza kwa kuwa chumvi na jua vilimnyang'anya maji yake, na kijidudu bila maji ni kama mbegu juu ya mwamba. Makayabu mnayoyanunua sokoni ni jamaa ya papa yule. Yako pia vyakula vya siku hizi vinavyofuata njia hiyo ya ukavu: unga wa maziwa, makaroni, biskuti, mchele wa magunia.

Sasa turudi kwa mkebe wetu. Tumeuacha Maroko, umepoa, unangoja.

Neno hili kungoja mlishike, kwa kuwa biashara yote inasimama juu yake. Samaki mbichi hawezi kungoja. Akitaka kwenda mbali, apande ndege, au apewe kontena lenye mashine ya baridi ambayo haizimwi usiku wala mchana, na nauli yake ni kubwa. Mkebe waweza kungoja mwezi, miezi mitatu, mwaka. Kwa hiyo waweza kwenda polepole, na chombo cha polepole kuliko vyote, na cha rahisi kuliko vyote kwa mizigo mizito, ni merikebu.

Mikebe hutiwa katika katoni. Katoni ya kawaida ya mikebe midogo huwa na mikebe 50, kila mmoja gramu 125 za samaki na mafuta. Katoni hupangwa juu ya machaga ya mbao. Hata mbao hizi zina sheria yake: sharti zipashwe moto au zitiwe dawa, ili wadudu wanaokula miti wasihamie nchi nyingine. Mbao zilizokubaliwa hupigwa mhuri wenye picha ya suke la ngano. Ukiona machaga ya zamani nyuma ya depo, tafuta mhuri huo.

Kisha huja kontena, yaani sanduku la chuma kubwa kama chumba. Kontena dogo lina urefu wa karibu meta 6, na upana na kimo chake ni karibu meta 2 na nusu. Katoni 2,000 za sardini zaingia bila shida. Piga hesabu: 2,000 mara 50 ni mikebe 100,000. Hiyo yote katika sanduku moja, na merikebu kubwa za siku hizi hubeba masanduku kama hayo zaidi ya 20,000!

Haikuwa hivyo sikuzote. Zamani makuli walibeba magunia na makasha mgongoni, moja moja, na merikebu ilikaa gatini siku nyingi. Kasha likianguka, lilivunjika. Likivunjika, kilichomo kilipotea mifukoni mwa watu. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani mwenye malori, Malcom McLean, alipakia masanduku 58 ya chuma juu ya merikebu iliyoitwa Ideal X, ikaenda kutoka Newark mpaka Houston. Alikuwa amechoka kuona lori likingoja siku nzima ili watu wapakue kitu kimoja kimoja. Aliona ni afadhali kuhamisha sanduku zima. Makuli wengi walipoteza kazi yao kwa wazo lile, nalo jambo hilo lisisahauliwe. Lakini bei ya kuvusha mizigo ilishuka, na ndiyo sababu moja ya mkebe kufika kwetu kwa bei ambayo mwalimu aweza kulipa.

Mlango wa kontena hufungwa kwa lakiri yenye namba. Lakiri si kufuli, maana haina ufunguo. Huwekwa mara moja na hukatwa mara moja. Namba yake huandikwa katika hati ya shehena, karatasi inayosema mzigo ni wa nani, ni nini, unatoka wapi na unakwenda wapi. Kama namba ya mlangoni si ile ya karatasi, mtu ameingia njiani.

Baharini mkebe una adui ambaye si mwizi: jasho. Mama akifunika bugali la moto, kisha akafunua, huona matone chini ya mfuniko. Kontena hufanya vivyo hivyo. Mchana jua hulipasha moto, na unyevu wa katoni na mbao huingia katika hewa. Usiku dari la chuma hupoa, unyevu hugeuka matone, na matone hunyesha juu ya katoni kama mvua ndogo. Katoni hulowa na kubonyea, mikebe hushika kutu. Kutu ikila ikatoboa tundu dogo kama ncha ya sindano, kazi yote ya kiwanda imekuwa bure, kwa kuwa mlango umefunguka kwa vijidudu. Wapakiaji wenye akili huchagua mbao kavu, huchungulia kama dari halina tundu, kisha hutundika ndani mifuko ya chumvi ya namna fulani inayokunywa maji ya hewani. Mifuko hiyo hufika Mombasa imejaa maji.

Njia fupi ya kutoka Maroko ni kupita mlango wa Gibraltar, kuvuka bahari ya Kati mpaka Misri, na kuingia mfereji wa Suez. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1869, nao una urefu wa kilometa 193. Kisha bahari ya Shamu, halafu mlango mwembamba uitwao Bab el Mandeb, na mwisho bahari ya Hindi. Lakini njia fupi ni kama daraja la mti mmoja. Mwezi wa Machi 2021 merikebu moja kubwa, Ever Given, ilikwama katika mfereji siku sita, na mamia ya merikebu yakangoja nyuma yake. Na tangu mwisho wa mwaka 2023, kwa sababu ya mashambulio katika bahari ya Shamu, merikebu nyingi zilianza kuiacha njia ile, zikazunguka Afrika yote kwa kusini, zikipita Rasi ya Tumaini Jema. Safari iliongezeka maelfu ya kilometa. Sardini wa mkebe hakuona tofauti yo yote. Aliyeona ni mnunuzi, maana mafuta ya merikebu hulipwa.

Merikebu hufika Mombasa, katika bandari ya Kilindini. Jina lenyewe latoka katika neno kilindi, maji yenye kina kirefu, na ndiyo maana vyombo vikubwa vyaweza kukaribia pale. Winchi ndefu kama twiga huinua makontena na kuyashusha. Mizigo mingine ya Kongo hushukia Dar es Salaam, lakini sisi tufuate njia ya Mombasa.

Kontena letu halifunguliwi, kwa kuwa si mali ya Kenya, linapita tu. Wakuu wa forodha (ndiyo duane yetu) hutazama karatasi, nao hutia lakiri nyingine yenye chombo ndani kinachopeleka habari, ili wajue lori liko wapi na kama mlango umefunguliwa. Kisha lori huanza kupanda. Nairobi, Eldoret, mpaka wa Malaba. Jinja huvuka mto Nile. Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale. Katika Kenya na Uganda magari hupita upande wa kushoto. Dereva akiingia Rwanda hapo Gatuna hana budi kuhamia upande wa kulia, na Kongo vilevile. Halafu milima, kona juu ya kona, hata Gisenyi na mpaka wetu. Ni zaidi ya kilometa 1,700. Mara nyingi kipande hiki cha nchi kavu hula fedha nyingi kuliko bahari yote, kwa kuwa lori hubeba kontena moja au mawili, na kila mpaka una foleni yake, karatasi zake na kodi zake.

Tena kuna mambo yasiyoandikwa katika karatasi. Zamani malori mengi yalipita Kisoro na Bunagana. Mwezi wa Juni 2022 vita vilifika Bunagana. Mwisho wa Januari 2025 vikafika Goma penyewe, maduka yakafungwa, na depo za chakula, hata za Mpango wa Chakula Duniani, zikaporwa. Ninyi mliokuwapo hamhitaji nieleze. Siku zile soko halikuwa na mboga, na walio wengi hawakuthubutu kutoka nje. Nyumba iliyokuwa na mikebe minne chini ya kitanda ilikula siku nne. Vivyo hivyo tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kutapika moto, wakuu walipoamuru mitaa kumi ya mji ihamwe, na watu mamia ya maelfu wakashika njia ya Sake na ya Gisenyi. Katika safari ile mtu hakubeba sufuria ya maharagwe. Alibeba kile kinacholiwa bila moto na bila maji.

Kuna chakula kingine cha namna hiyo, ambacho akina mama wengi wa Goma wanakijua kutoka kituo cha afya. Ni kifuko chekundu na cheupe cha gramu 92, ndani yake mna rojo ya karanga, unga wa maziwa, mafuta, sukari na vitamini. Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, walikitengeneza mwaka 1996 kwa ajili ya watoto waliodhoofika kwa njaa. Mbele walipewa maziwa ya kukoroga, na maziwa yakikorogwa kwa maji machafu huleta kuhara. Rojo hii haina maji hata tone, kwa hiyo vijidudu havioti ndani yake. Mtoto huramba tu. Hukaa miaka miwili bila baridi, na kwa hiyo hupanda merikebu pamoja na sardini, hutoka jasho pamoja nao, na hukwama mpakani pamoja nao. Lakini hapa kungoja kuna hatari nyingine. Rojo yaweza kungoja miezi. Mtoto aliyevimba miguu kwa njaa hawezi kungoja wiki mbili. Kwa hiyo wenye kazi hiyo hutuma mapema, kabla ya njaa, na kuweka akiba karibu. Katoni iliyoko Mombasa haimlishi mtoto wa Katindo.

Mwaka mmoja mwanafunzi wa darasa la nne alitumwa na shangazi yake kununua sardini. Alirudi akicheka, mkebe mkononi na faranga zimebaki.

"Shangazi, nimeupata kwa nusu ya bei."

Shangazi aliutazama. Mgongo wa mkebe ulikuwa umeinuka kidogo, kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Aliubonyeza kwa kidole gumba, ukalia ko! Alipoacha, ukalia ko! tena.

"Mwanangu," alisema, "aliyekuuzia nusu ya bei alijua kwa nini."

Aliuchukua mpaka chooni, akautupa shimoni. Mtoto alilia kwa ajili ya zile faranga. Kesho yake alinisimulia kwa uchungu, akitumaini nitasema shangazi amekosa. Shangazi yule hakusoma habari za vijidudu. Aliuza vyakula sokoni miaka mingi, akajua kwamba mkebe uliovimba una kitu kinachopumua ndani.

Alikuwa na haki. Vijidudu vikiishi ndani hutoa hewa, na hewa husukuma bati. Mkebe wa namna hiyo usiuonje hata kwa ncha ya ulimi, wala usiupike ukidhani moto utausafisha. Sumu ya kijidudu kile cha soseji pengine haina harufu wala ladha mbaya. Mtu huanza kuona vitu viwili viwili, kope humlemea, ulimi huwa mzito, hata kifua hushindwa kuvuta pumzi. Wala usimpe mbwa.

Mkebe uliobonyea ubavuni kidogo, kwa kuangushwa, kwa kawaida hauna neno. Ukibonyea pale kwenye ukingo, penye lile pindo la kifuniko, uache, kwa kuwa pengine pindo limefumuka. Kutu inayofutika kwa kitambaa si kitu. Kutu iliyochimba vishimo ni mbaya. Ukiona mafuta yanavuja, au mkebe ukifunguliwa unaruka kama soda, usile. Tazama pia tarehe. Kama imekwaruzwa, au imebandikwa karatasi nyingine juu yake, mwulize mwenye duka. Akikasirika, nenda duka la pili. Kongo ina ofisi yake ya kupima vitu vinavyoingia, Office Congolais de Contrôle, lakini ofisi haiwezi kusimama nyuma ya kila mteja.

Na mkebe ukifunguliwa, kungoja kwake kumekwisha. Tangu dakika ile sardini ni sawasawa na sambaza: mle leo. Akibaki, mhamishe katika bakuli safi, umfunike, umle kabla ya kulala.

Kontena lenyewe linakwenda wapi? Mengine hurudi pwani na kahawa ya Kivu. Mengine hurudi matupu, na mwenye mzigo hulipia hata utupu ule. Mengine yamezeeka, chuma chake kimechoka na bahari, nayo hayarudi tena. Yanauzwa. Mtu hukata dirisha ubavuni, hupaka rangi, hutia rafu na taa, na hapo pana duka. Yapo mengi mjini kwetu. Siku utakayotumwa kununua chumvi, zunguka nyuma ya duka la namna hiyo, utazame chini ya rangi. Utaona herufi nne, ya mwisho ni U, na tarakimu saba. Tarakimu ya saba imepatikana kwa hesabu kutoka katika herufi na tarakimu zile nyingine, ili karani aliyekosea kuandika akamatwe na hesabu yake mwenyewe. Ndilo jina la sanduku lile katika bandari zote za dunia. Liandike katika daftari, ulilete darasani.